Ndiyo Mbili, Kikombe Kimoja

Jumapili, 6 Oktoba

Siku ya heri. Naanza daftari jipya, maana mtu anayepanda cheo anapaswa kuacha kumbukumbu.

Miaka mitatu nimekaa hapa Irbid na shahada yangu ya usimamizi ukutani, ndani ya fremu, nikiitazama nayo ikinitazama. Umri wangu ni thelathini na nne. Leo nina kazi mbili. Mbili! Mtu mwingine angezimia.

Ya kwanza niliikubali wiki iliyopita. Msimamizi wa ghala katika duka la kukaanga kahawa la Haji Mufleh. Kuanza: Jumapili tarehe 20. Sikuitafuta mimi. Aliitafuta Ami Abu Laith, ndugu wa marehemu baba, aliyenilea tangu nikiwa na miaka tisa. Alivaa joho lake jeusi akaenda nyumbani kwa Haji, akapewa kikombe cha kahawa chungu, akakiweka chini mbele yake asikiguse. Kila mtu huku anajua maana yake. Mgeni ana haja, na hanywi mpaka mwenye nyumba amkubalie. Haji akasema, "Kunywa kahawa yako, Abu Laith, kijana ni wetu." Ami akanywa. Basi nikaajiriwa bila hata kuulizwa kama najua tofauti ya buni na dengu.

Nilisema ndiyo. Ami alinibusu kwenye paji la uso. Mama alipiga vigelegele. Haji alituletea kilo mbili za kahawa yenye iliki, na mpaka leo nyumba nzima inanuka Haji Mufleh. Aliyefurahi kuliko wote ni Ustadhi Fawzi, mwalimu mstaafu wa jiografia, baba wa mchumba wangu Hiyam. Wamenisubiri miaka minne. Ameshaniambia wazi: mwezi huu uishe nikiwa na kazi, la sivyo kila mtu ashike njia yake.

Kazi ya pili imekuja leo saa nne asubuhi, kwa simu. Kampuni ya Amman inayouza mashine za kusafisha maji. Mhandisi Nashat, mwenye kampuni, kwa sauti yake mwenyewe. Meneja wa Kanda ya Kaskazini. Gari. Ofisi yenye kiyoyozi. Kuanza tarehe hiyohiyo. Akaniuliza kama nimejifunga kwingine. Nikasema hapana. Akaniuliza kama naikubali. Nikasema ndiyo. Ndiyo haina gharama.

Mama alikuwa jikoni, akasikia. Akasema mshika mawili moja humponyoka. Nikamwambia anayeponyokwa ni mwenye vidole vifupi.

Jumanne, 8 Oktoba

Nimetafakari siku mbili. Siwezi kumwendea Haji na kumwambia siji. Kahawa imeshanywewa. Nikikataa, anayeonekana kukataa si mimi, ni ami. Atakuwa mzee aliyemdanganya mwenzake mbele ya kikombe. Ami ana miaka sabini na moja na hana mali yoyote ila mizeituni thelathini na neno lake.

Kwa hiyo nisikatae mimi. Anikatae Haji. Akinikataa Haji, ami anakuwa amedhulumiwa, watu wanampa pole, na mimi naenda Amman nikiwa na uso wa huzuni. Hii ndiyo faida ya kusoma chuo kikuu.

Mpango: kifua.

Nimekwenda dukani saa tano, wakati mashine ya kukaangia iko moto na vumbi la buni limetanda. Nikasimama katikati nikaanza kupiga chafya. Njiani nilikuwa nimenusa pilipili manga ili chafya ziwe za kweli. Zikawa za kweli kupita kiasi. Kumi na saba. Wateja wawili walitoka nje bila kununua. Nikamwambia Haji, machozi yakinitiririka, kwamba nahofia vumbi la kahawa halipatani na kifua changu, na kwamba nitaelewa kabisa, kabisa, akiona nitakuwa mzigo.

Haji Mufleh ni mnene, msemaji wa polepole. Alinishika mkono. Akasema yeye mwenyewe alikohoa miaka mitatu ya mwanzo, lakini mapafu ni kama mkwe, mwishowe huzoea. Kisha akatoa maboksi yake katika chumba cha mbele chenye dirisha, akaweka meza, akaweka feni mpya, akasema hiki sasa ni chumba chako, mwanangu, ghala utalisimamia kwa mbali.

Nilikwenda kufukuzwa nikarudi na feni. Pua imevimba mpaka sasa.

Alhamisi, 10 Oktoba

Laith.

Laith ni mtoto wa ami. Mdogo wangu kwa mwaka mmoja, mkubwa wangu kwa maneno. Naye hana kazi. Aliitaka sana ile ya Haji Mufleh, lakini baba yake akaniombea mimi, kwa kuwa mimi ni yatima na nina mchumba anayesubiri. Tangu siku hiyo Laith ananiita Bwana Buni.

Mpango wa pili ulikuwa safi kabisa. Laith achukue nafasi yangu. Haji anapata mtu, ami anabaki na heshima yake, kazi inabaki katika ukoo. Nikamwalika falafel pale kona ya soko nikamweleza kila kitu. Amman, gari, kiyoyozi, Mhandisi Nashat. Nilimwonyesha hata namba ya simu asije akadhani natunga.

Alitafuna polepole. Akasema, "Kwa hiyo Bwana Buni, mwenzio nikuokotee ulichotema." Nikasema si kutema, ni kuachiana nafasi ndugu kwa ndugu. Akasema basi vizuri, yuko tayari, ila mimi ndiye niende nikamweleze baba yake. Nikasema aende yeye, baba ni wake. Akasema kahawa ilinywewa kwa jina langu. Nikasema kikombe kilikuwa cha baba yake. Tukasukumana hivyo kwa nusu saa. Mwisho akasimama, akajifuta mdomo, akaniambia, "Una ndiyo mbili, lakini huna mdomo wa kusema hapana moja."

Maneno ya mwenye wivu. Falafel yake aliimaliza, na yangu pia.

Ijumaa, 11 Oktoba

Baada ya sala ukoo mzima tulikwenda shambani kwa ami kuchuma zeituni. Turubai chini ya miti, wanawake wakipepeta majani, mama akigawa mkate na jibini. Mimi juu ya ngazi moja, ami juu ya ngazi nyingine, mti mmoja. Hapakuwa na pa kukimbilia.

Nilikuwa nimejiandaa. Hotuba nzima kichwani, ina utangulizi na hitimisho. Nikafungua mdomo. Nikaiona mikono yake, ilivyochubuka, inavyoteremka kwenye tawi taratibu kama inakama mbuzi, na hotuba yote ikanitoka. Nikasema tu: "Ami, kuna jambo kati yangu na Haji Mufleh. Mdomo wangu unakuwa mzito."

Alinitazama katikati ya majani kwa muda mrefu. Akasema, "Usiseme zaidi, mwanangu. Nimeelewa."

Nikamuuliza ameelewa kweli. Akasema yeye hakuzaliwa jana. Ameuona uso wangu wiki nzima, ameona sili vizuri, amesikia habari za kifua. Jambo kama hili halimalizwi na mtu mmoja, linataka wanaume. Atakusanya ujumbe wa wazee, waende kwa Haji siku ya Jumanne, vikombe viwekwe chini, lizungumzwe na liishe kwa heshima.

Nilitaka kulia. Ameelewa bila mimi kusema neno! Kahawa ndiyo iliyofunga, na kahawa ndiyo itakayofungua. Sijui kwa nini sikufikiria mwenyewe. Nilichuma kwa furaha mpaka miguu ikafa ganzi, na Laith, aliyekuwa chini akiokota, nilimwangushia kapu zima kichwani kwa bahati mbaya.

Kabla ya kurudi mjini nimempigia Mhandisi Nashat. Nimemthibitishia tarehe 20.

Jumatatu, 14 Oktoba

Ujumbe una wazee tisa. Ami amezunguka siku tatu kuwaalika, nyumba kwa nyumba, kwa miguu, na goti lake lile. Wa mbele ni Kanali mstaafu Abu Hazem, mwenye masharubu makubwa kuliko yote mtaani kwetu. Bila masharubu yale ujumbe hauhesabiwi. Yamekwisha kupatanisha kesi mbili za damu na talaka nne.

Na yupo Ustadhi Fawzi. Hili sikulitaka. Nilimwambia ami kwa upole kwamba baba mkwe tusimsumbue. Ami akasema hasha, mkwe ni mkono wa kulia. Nimeliwaza sana, kisha nikaona si vibaya. Ustadhi atasikia naacha kazi moja, na hapohapo nitamnong'oneza habari ya umeneja na gari. Habari njema itaimeza ile mbaya.

Nilimuuliza ami kama nimwandikie maneno ya kusema. Akasema mwenye neno hasomi.

Hiyam amepiga simu kutoka famasi anakofanya kazi. Aliuliza ujumbe unakwenda kwa Haji kufanya nini. Nikasema ataona, ni jambo la kushangaza. Akasema hapendi mambo ya kushangaza, anataka tu kujua Jumapili nitakuwa kazini wapi. Nikamwambia: mahali pazuri. Akanyamaza. Nadhani laini ilikuwa mbovu.

Jumanne, 15 Oktoba

Nitaandika yote, kama yalivyokuwa.

Saa kumi alasiri tuliingia sebuleni kwa Haji Mufleh, wazee tisa na mimi wa kumi, karibu na mlango, penye viatu. Haji alikuwa amewaita ndugu zake wote. Dele la kahawa likazungushwa. Ami akapokea kikombe, akakiweka chini mbele yake. Wazee wanane wakaweka chini vya kwao. Nami nikaweka.  Kanali akakohoa ndani ya masharubu.

Haji, Mungu amsamehe wema wake, hakungoja. Akasema, "Kunyweni kahawa yenu. Mlichokijia mmekipata, hata kabla hamjakisema."

Moyo uliruka. Nilishanyoosha mkono kukichukua kikombe. Nimefunguliwa, nikajiambia, nimekwenda Amman. Ami akaniinulia kidole. Akasema Haji ametukirimu, lakini jambo halinywewi kabla halijatajwa. Akasimama kwa shida, joho lake jeusi likaanguka vizuri, akazungumza.

Alisema kijana huyu ni yatima, na yatima huona haya. Wiki nzima ana hofu iliyomnyima chakula na kumtia kifua. Hofu kwamba amechukuliwa kwa kuonewa huruma tu, na kwamba Haji akichoka na chafya zake atamwachisha, na harusi itavunjika. "Mdomo wake ulikuwa mzito kulisema. Mimi nimelielewa." Kwa hiyo ujumbe unaomba jambo moja. Haji amchukue kama mwanawe, asimwachishe kazi kwa miaka kumi, awe na kifua au asiwe nacho. Na yeye Abu Laith, kwa upande wake, mbele ya wanaume hawa, anaweka ndevu zake dhamana kwamba kijana hatatazama mlango mwingine kwa miaka hiyo kumi, hata ukiwa wa dhahabu.

Akazishika ndevu. Nyeupe zote. Kila mtu aliziona.

Haji alilia. Naapa alilia. Akasema kumi ni michache, iwe kumi na mitano. Ustadhi Fawzi aliinama akanishika goti, akaninong'oneza kwamba hajawahi kuona fahari kama leo. Kanali akasema amekwenda jumbe nyingi katika maisha yake, watu wote huenda kujinasua, huu ndio wa kwanza kwenda kujifunga.

Wakanywa. Kisha wote wakageuka kunitazama mimi na kikombe changu. Nikanywa.

Jumatano, 16 Oktoba

Nimekaa kitandani mpaka adhuhuri. Halafu akili ikarudi.

Hebu tuangalie. Nani alinisikia mimi nikiahidi? Ndevu ni za ami. Machozi ni ya Haji. Mimi nimekunywa kahawa tu, na hakuna sheria inayomzuia mtu kunywa kahawa. Mpango wa tatu, na huu hauna tundu: Jumapili nitaumwa. Nitamwambia Haji kifua kimenizidi, daktari wa Amman anataka kuniona kila siku. Nitakuwa nikienda Amman kila asubuhi nikiwa mgonjwa, kwa gari la kampuni. Mwezi mmoja wa kuugua, miezi miwili ya kupata nafuu, na kufikia hapo watu watakuwa na mambo mengine ya kuzungumza.

Nimefanya mazoezi ya kukohoa mbele ya kioo. Mama ameniletea chai ya mwarobaini wa kwetu, sijui hata ni majani gani, chungu ajabu. Akaniuliza naumwa nini. Nikamwambia bado siumwi.

Alhamisi, 17 Oktoba

Mhandisi Nashat amepiga simu.

Kanali Abu Hazem ni kaka wa mke wake. Nchi hii ni ndogo, mtu hawezi kudanganya hata kidogo bila kugonga shemeji ya mtu. Jana Kanali alikula kwao mansafu, na wakati nyama ingali inapakuliwa juu ya wali akawasimulia habari ya yatima na ndevu za ami yake. Mke wa Mhandisi alitokwa na machozi. Mhandisi akauliza kijana mwenyewe anaitwa nani.

Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Alisema hawezi kumchukua mtu ambaye kahawa imekwisha kunywewa kwa ajili yake, itakuwa ameingia nyumba ya mwenzake kuiba. Nikamwambia kikombe kilikuwa cha ami. Akasema, "Na mdomo uliokunywa, Ustadhi Rakan, ulikuwa wa nani?" Akanikumbusha kwamba siku ya kwanza aliniuliza kama nimejifunga. Nikasema siku ile sikulisikia swali vizuri. Akasema Mungu akubariki katika kazi yako. Akakata.

Nimekaa na simu mkononi. Meneja wa Kanda ya Kaskazini. Nilishawahi kuandika hivyo kwenye karatasi mara kumi na mbili, kwa miandiko tofauti, kuchagua sahihi.

Ijumaa, 18 Oktoba

Tulipotoka msikitini nilisikia honi mtaani kwetu. Gari jeupe, limechorwa tone la maji mlangoni. Ndani, Laith.

Alimpigia Mhandisi Nashat jana alasiri. Namba nilimpa mimi, juu ya falafel yangu mwenyewe. Akamwambia yeye ni binamu wa yule asiyeweza kuja, hana kazi, na hajawahi kunywewa kahawa na mtu yeyote. Mhandisi alicheka, asubuhi akamwita. Anaanza Jumapili. Kikulacho ki nguoni mwako, na changu kina kiyoyozi.

Nilimfuata nikamwambia ni mwizi. Akashusha kioo, baridi ikanipiga usoni. Akasema, "Nimekuibia nini? Ulikuwa na mizigo miwili, nimekupokea mmoja." Kisha akaacha kucheka. Akasema mji mzima sasa unajua, msikitini wanajua, kwa muuza mikate wanajua. Mtu mmoja tu hajui. Kanali alimwendea Laith mwenyewe akamwambia mzee asiambiwe, ndevu zake zibaki pale zilipo. Wote wamekubaliana. "Baba hajui. Ukimfungulia mdomo, nitakuvunja meno."

Nikamwambia sina nia ya kumfungulia mdomo. Akasema, "Najua. Uoga wako huo tu ndio ninaouamini kwako."

Ami alitoka nje kuliona gari. Alilizunguka mara mbili. Akanishika mimi mkono huu na Laith mkono huu, akasema sasa hata akifa si neno.

Jumamosi, 19 Oktoba

Nilikwenda kwa Ustadhi Fawzi na sinia la kunafa, kitamutamu cha jibini na shira. Alinifungulia mlango akanisalimu kwa upole, kama mtu anayemwona mgonjwa. Akaniacha sebuleni, mlango wazi, akaenda zake ukumbini.

Hiyam aliingia na vikombe viwili. Hiyam si mtu wa maneno mengi. Kule famasi anasoma maelezo kwenye chupa, anakueleza mara moja, anakupa dawa yako. Aliketi, akachukua kikombe chake, akanywa chote mpaka mwisho. Nilifurahi. Nikajiambia anayekunywa hana ugomvi. Akakitikisa, kama mgeni anayesema imenitosha, akakirudisha kwenye sinia.

Akasema, "Nimekunywa kwanza, Rakan, kwa sababu sina ninaloomba."

Akavua pete akaiweka kando ya kikombe. Akasema miaka minne iliyopita aliniambia ndiyo, na ilikuwa ndiyo ya kweli. Leo anasema hapana. Anaisema mwenyewe, kwa mdomo wake, mchana, mbele yangu. Hakumtuma mtu.

Nikamuuliza ni nani huyo mwanamume na ana kazi gani. Alitabasamu, si kwa furaha. Akasema hakuna mwanamume. Amepata nafasi iliyo bora zaidi, basi: kukaa bila kumsubiri mtu. Nikamwambia lakini sasa nina kazi, ya miaka kumi na mitano, mwezi haujaisha, sharti limetimia. Akasema lile lilikuwa sharti la baba yake. Yeye alikuwa na lake, hakudhani linahitaji kutajwa. Alitaka akiniuliza kitu ajue kwamba nilichomjibu ndicho. Jumatatu aliniuliza nitakuwa kazini wapi, na nikamwambia mahali pazuri.

Alisema watu wataambiwa amebadili mawazo tu. Lawama ataibeba yeye. Baba yake alipinga siku nzima, kisha akakubali. "Kwa ajili ya ami yako. Yule mzee asiguswe."

Nikamwomba anipe nafasi nijieleze. Akanipa. Alikaa pale, mikono magotini, akasubiri kweli. Nilitafuta. Nilianza na Haji, nikaja kwa Laith, nikaja kwa masharubu ya Kanali, na kila nilikoanza niliona mwisho wake kabla ya kufungua mdomo. 

Iliniuma. Naandika hapa kwa kuwa hapana atakayesoma. Iliniuma mahali nilipokuwa sijui kama pana kitu. Kahawa yangu ilipoa mbele yangu na hakuna aliyenikaribisha kuinywa. Kunafa nimeiacha kwao, sinia ni la mama, ataliulizia.

Jumapili, 20 Oktoba

Siku ya kwanza kazini. Chumba cha mbele, feni, dirisha. Haji ananitambulisha kwa kila mteja: huyu ni mwanangu. Wateja wananipongeza kwa miaka kumi na mitano, kisha wanatazamana. Nimepiga chafya saba, za kweli hizi. Sikutumia pilipili.

Saa tatu asubuhi gari jeupe lilipita na tone lake la maji. Alipiga honi mara moja.

Adhuhuri ami alikuja kunitembelea. Alikuwa ameshaambiwa habari ya Hiyam. Aliketi kando ya feni, goti amelinyoosha, akasema binti wa watu asilaumiwe, huenda kuna jambo limemsibu ambalo hatulijui. Akanipigapiga mkono. Akasema, "Kazi unayo, mwanangu. Hiyo hakuna wa kukunyang'anya." Haji akamletea kikombe, akanywa bila kukiweka chini. Sikuweza kumtazama. Nilihesabu magunia.

Jumanne, 22 Oktoba

Huzuni ina mwisho wake. Leo saa nne asubuhi simu imelia, na feni ameizima Haji mwenyewe ili nisikie vizuri. Mungu hamtupi mja wake. Hoteli ya Aqaba, ufukweni kabisa, niliwaandikia barua tangu kiangazi. Meneja msaidizi. Na chumba cha kulala bure. Kuanza tarehe mosi. Mwenye hoteli akaniuliza kama nimejifunga kwingine. Nilikwenda na simu hadi nyuma ya magunia, nikasema hapana. Nikasema ndiyo. Aqaba iko mbali, huko hakuna shemeji ya mtu.

Nimejifunza mengi mwezi huu na ninayaweka hapa yasipotee. Mpango ulikuwa mzuri tangu mwanzo. Kosa lilikuwa Kanali. Asingekuwepo Kanali pale, leo ningekuwa na gari, na Hiyam angekuwa pembeni yangu ndani ya gari. Wazee wengine wote walikuwa sawa.

Kwa hiyo Hiyam hajapotea. Hajawahi kutumiwa ujumbe wa kweli. Nilipoposa miaka minne iliyopita walikwenda watu watatu tu, na mmoja alikuwa na mafua. Safari hii waende kumi na tano, bila Kanali, wakaweke vikombe chini kwa Ustadhi Fawzi. Hakuna baba anayeweza kuvitazama vikombe kumi na tano vikipoa. Akishakubali, namchukua Hiyam twende Aqaba. Haji nitamwambia ni fungate.

Alasiri nilimwendea ami. Alikuwa uani, anachagua zeituni za kuweka kwenye chumvi, zilizopondeka kando, nzima kando. Nilikuwa nimepanga kumweleza sawasawa mara hii, neno kwa neno, Aqaba na yote. Akainua uso. Nikasema, "Ami, kuna jambo kati yangu na Ustadhi Fawzi. Mdomo wangu unakuwa mzito."

Akaweka ungo chini. Akanitazama kwa muda mrefu. Akasema, "Usiseme zaidi, mwanangu. Nimeelewa."

Watakwenda Alhamisi. Tayari ametoa joho kabatini akalianika juani. Nimerudi nyumbani na roho nyeupe, maana si kila mtu aliyejaliwa kuwa na ami wa kuelewa upesi namna hii.